Chumba cha Dada, Chini ya Njia ya Ndege

9 Februari

Dada yangu Mlingoti,

Shikamoo. Sisi huku wazima, ukiacha goti la wifi yako linalotabiri mvua vizuri kuliko redio, na ukiniacha mimi, ambaye kama kawaida ni mzima wa mwili tu. Wifi yako bado anafundisha chekechea. Anasema wanafunzi wake wote wana akili kunizidi, maana wao angalau wakiambiwa wanyamaze wananyamaza. Binti yetu amefaulu hesabu. Bado tunachunguza amerithi kwa nani.

Umelalamika kwamba sipigi simu. Nilipiga! Uliposema “haloo” ndege ikapita, uliposema “nani?” ikapita nyingine, halafu nikasikia umekata. Tangu warefushe njia ya kurukia ndege, zinazotua hapa ni kubwa ajabu, na zinapita juu ya bati letu chini chini kana kwamba zinatafuta pa kuegesha. Siku ukinipa habari ya msiba kwa simu nitakujibu “hongera”. Tubaki na barua. Kwenye barua hata wewe huwezi kunikatiza.

Sasa nikupe habari yenyewe. Kaa kwanza.

Nakujengea chumba. Juu, ghorofani. Ndiyo, mimi, fundi saa, mtu ambaye kitu kikubwa alichowahi kujenga ni kibanda cha kuku kilichoanguka kabla kuku hawajaingia. Nyumba hii ya wazazi ni yetu sote wawili, na siku utakapostaafu huko shuleni sitaki uje kulala sebuleni kama mgeni wa harusi. Kuta zimeshapita madirisha. Na sikiliza hili: ramani ilisema chumba kiwe na urefu wa kawaida, nikamwambia fundi mwashi, “Wewe humjui dada yangu. Pandisha.” Akapandisha. Nikamwambia, “Bado.” Akaniangalia mimi ninavyofika kifuani kwake, akaniuliza, “Bosi, una uhakika mnatoka tumbo moja?”

Utasimama humo na kofia kichwani, dada, na juu ya kofia ndege wa porini atapata nafasi ya kuruka.

Nasimamia kazi nikiwa nimesimama juu ya stuli, ili mafundi wanione.

Mdogo wako,
Kisiki

20 Machi

Mdogo wangu Kisiki,

Marahaba. Barua yako imechelewa kunifikia. Ilikaa kwa mlinzi wa geti, akaniletea alipopata nafasi. Mpe pole wifi kwa goti, na binti mwambie hesabu amerithi kwa shangazi yake, ambaye kwa miaka yote hii amegawa maharage kwa bweni zima bila mtoto mmoja kukosa. Usibishe.

Mimi sijambo. Shuleni hakuna jipya. Kumetulia tu, watoto siku hizi hawana kelele. Juzi nilipika wali wa watu wawili ukatosha watu kumi na moja, tukaula mpaka ukawa unatuangalia vibaya. Mkono wangu umezoea sufuria la kuogeshea mtoto. Nikiambiwa “chumvi kidogo” nashika konzi. Ndiyo matatizo ya kuwa mpishi mkuu: ukuu unabaki mkononi hata pale usipohitajika.

Chumba hicho. Nimesoma habari zake mara nyingi kuliko unavyodhani. Ungeniuliza kwanza, maana mimi si mtu wa kujengewa, lakini kwa kuwa umeshaanza, sitakukatisha tamaa. Dirisha linatazama wapi? Ngazi ziko ndani au nje? Na kitakwisha lini? Si kwamba nina haraka. Nauliza tu kwa sababu nakufahamu. Saa ya jirani yetu uliyoipokea ikiwa inachelewa kidogo, ulipoirudisha mwenyewe alikuwa ameshanunua nyingine.

Na hiyo ya kupandisha kuta kwa ajili yangu, nimecheka, kisha nikaenda kujitazama kwenye kioo cha mtu. Ilinibidi nipige magoti ili nione uso. Hakuna nyumba niliyowahi kuingia bila kuinama, Kisiki. Hata kanisani siku ya ubatizo wako niligonga taa.

Sitaki kuwa mzigo kwa wifi. Muulize yeye, usijijibu mwenyewe.

Dada yako,
Mlingoti

14 Aprili

Dada Mlingoti,

Shikamoo. Wifi yako nimemuuliza. Amesema wewe huwezi kuwa mzigo, kwamba mzigo wa nyumba hii unajulikana na uko mezani unatengeneza saa. Basi hilo limekwisha. Dirisha linatazama uwanja wa ndege, ngazi ziko ndani, na rangi imechaguliwa na binti: bluu.

Kuna kijambo kidogo kimetokea. Nikueleze ili ucheke.

Jumatatu alikuja binti mmoja mpole, mpimaji kutoka uwanja wa ndege, na chombo chake cha miguu mitatu. Akakisimamisha ng’ambo ya barabara, akachungulia, akaandika. Nikadhani anapiga picha, nikanyoosha kola. Akavuka barabara.

“Mwenye nyumba ni wewe?”

“Ndiye mimi.”

“Na yule aliye juu ya ukuta?”

“Fundi mwashi.”

“Mwambie ashuke, maana kwa sasa nampima na yeye.”

Fundi akashuka haraka kuliko alivyowahi kufanya kitu chochote tangu nimwajiri. Yule binti akaniuliza, “Ramani uliipeleka uwanja wa ndege?”

“Niliipeleka halmashauri.”

“Halmashauri hawakukuambia uilete kwetu?”

“Waliniambia.”

“Ukafanya nini?”

“Nikaenda kununua saruji.”

Hakucheka, dada. Angecheka ningepata nafuu. Akanieleza taratibu, kama wifi yako anavyoeleza watoto wake. Akasema nifikirie shuka kubwa limetandazwa angani. Linaanzia pale njia ya kurukia inapoishia, chini kabisa, kisha linapanda polepole kadiri unavyokwenda mbali. Ndege zinashukia juu ya shuka. Chini yake jenga utakavyo, ila usilitoboe: si kwa paa, si kwa tangi la maji, si kwa mlingoti wa bendera. Aliposema mlingoti nilikukumbuka. Na kwa vile njia imerefushwa, shuka nalo limesogea, na sasa linaanza kupanda karibu na duka la mkate.

“Muuza magodoro hapo ana ghorofa tatu!” nikasema.

“Yuko pembeni. Shuka halimpitii. Wewe uko katikati kabisa.”

Maisha yangu yote nimetamani kuwa katikati ya jambo.

Fikiria lakini. Mimi ambaye kwa lenzi ya jicho naona skrubu ndogo kuliko yai la sisimizi, sikuona ndege inayopita juu ya kichwa changu kutwa nzima. Wakichora ramani ya vipofu wa mji huu, waanze na duka langu.

Lakini usijali, ni mambo ya vipimo tu, wanataka nipunguze urembo wa paa. Nitaongea nao. Ila usipange kuja kwanza, mpaka nitakapokuandikia. Rangi inanuka, ngazi hazina kishikio. Tulia huko huko kwenye kazi yako, hakuna anayekukimbiza.

Mdogo wako,
Kisiki

22 Mei

Kisiki,

Marahaba. Natumaini wote hamjambo. Mimi sijambo.

Umesema nisije. Sikumbuki kusema nakuja. Nilikuuliza dirisha linatazama wapi, mtu anaweza kuuliza dirisha bila kufunga safari.

Kazi ni nyingi. Mkuu wa shule hawezi kuniachia hata siku moja. Mimi ni kama lile sufuria kubwa la jikoni kwetu: halihamishiki wala haliuziki, na mwenye nyumba ya kawaida hana pa kuliweka. Chumba wapangishieni watu, au awekwe binti asomee humo hesabu zake. Mimi niko vizuri hapa nilipo.

Wasalimie.

Dada yako

18 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako fupi imefika. Nimeigeuza nyuma nikitafuta iliyobaki, nikakuta karatasi tupu. Nimeelewa kuwa una kazi nyingi. Huku wazima. Binti ameng’olewa jino, goti la wifi yako lipo likizo.

Nikueleze yaliyonipata ofisini kwao, huenda ukatabasamu hata kama hutaki.

Niliandika pingamizi, nikaitwa. Nikavaa koti langu la harusi, ambalo sasa linafunga kifungo kimoja kati ya vitatu. Nilikuwa na hotuba kichwani. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi mbele ya saa zote dukani, na hakuna iliyonipinga. Nikaingia, nikakuta meza ndefu, yule binti mpimaji upande mmoja na katikati mzee mmoja rubani mstaafu. Kiti walichonipa kilikuwa kirefu, miguu yangu ikabaki inaning’inia. Mtu hawezi kudai haki huku miguu inaning’inia, dada. Unajikuta unaomba pipi.

Hata hivyo nikaanza. Nikawaambia kuhusu wewe. Kwamba wazazi walipofariki ulikuwa na nafasi ya kusomea ualimu, ukaiacha, ukaenda jikoni, mimi nikapelekwa kujifunza saa. Kwamba tangu hapo umeishi katika nyumba za shule, na kila mlango umekugonga paji la uso. Kwamba chumba kile si fahari. Nikasema, “Ni cha mtu mmoja tu. Chenyewe ni kidogo. Ndege ina anga lote, kwa nini ing’ang’anie kipande hicho cha dada yangu?”

Pale nilijiona wakili kabisa.

Yule mzee akavua miwani. “Dada yako atakuja kwa usafiri gani?”

“Basi.”

“Kuna dada wa watu wengine wanaokuja kwa ndege,” akasema. “Siku ya mvua kubwa rubani haoni nyumba, haoni barabara, haoni hata pua ya ndege yake. Anatazama vyombo vyake, na vyombo vinamwambia mbele hakuna kitu. Chumba cha dada yako ni kitu.”

Ndege ikapita. Ofisi nzima ikanyamaza, nao kumbe hawasikilizani humo ndani kama sisi. Nilitazama dirishani, nikaona tumbo lake na magurudumu yakishuka, na kwa mara ya kwanza nikawaza kuwa ndani mna watu wamefunga mikanda, wameshikilia viti, labda mmoja wao anakwenda kwa mdogo wake. Mimi mwenyewe nisingetaka wewe ushukie juu ya paa la mpumbavu mmoja mwenye stuli.

Hotuba ikaniishia. Nikatia sahihi. Yule mzee akanishika mkono, akasema nina dada mzuri. Nikamwambia hajui nusu yake.

Basi tumeelewana nao. Nimepewa muda wa kurekebisha. Mengine madogo madogo nitakueleza siku nyingine.

Mdogo wako,
Kisiki

Wifi, ni mimi. Kanipa bahasha niipeleke posta, nimeifungua kwa mvuke wa birika. Mungu atanisamehe, yeye sijui. “Kurekebisha” maana yake wameshabomoa. Paa limetolewa, kuta zimekatwa, bati limerudishwa chini. Chumba kimebaki urefu ambao mtu pekee wa kusimama humo bila kugonga kichwa ni kaka yako. Jana nimemkuta amekaa humo katikati ya vumbi. Nikamuuliza anafanya nini, akasema anapima mwanga. Hakuwa na kitu cha kupimia. Anaona aibu kukwambia, ndiyo maana alikuandikia usije. Usimwambie nimesema. Na wewe, wifi: barua yako ya mwisho haikuwa na chumvi kabisa, na wewe siyo mtu wa kusahau chumvi. Una nini?

30 Julai

Mdogo wangu Kisiki,

Marahaba, na usimgombeze mkeo. Najua nimemchongea, lakini nimechoka na watu wa ukoo huu kufichana, na inabidi mmoja aanze. Wifi, nisamehe. Mwandiko wako ni mzuri kuliko wa mumeo.

Nimecheka hiyo ya miguu kuning’inia, nikafika mwisho, nikalia, nikarudia ya miguu nikacheka tena, mpaka mwenye chumba akaja kuniuliza kama niitiwe mtu.

Mwenye chumba, ndiyo. Sasa nami nisikilize, na usinikatize.

Bweni lilifungwa Januari. Wazazi wamepunguza kuleta watoto wa kulala, shule imekuwa ya kutwa, watoto wanakuja na vyakula vyao kwenye vikopo. Mkuu wa shule alinifanyia hafla. Alitoa hotuba akasema mimi ni nguzo ya shule, na kesho yake nguzo ikaambiwa irudishe funguo. Tangu siku hiyo nalala kwa mfua nguo tuliyefanya naye kazi, mwanamke mwenye moyo mkubwa kuliko chumba chake. Godoro langu liko kati ya meza ya pasi na mlango. Akitaka kutoka inabidi nikunje miguu, na unaijua miguu yangu, ni shughuli. Ule wali wa watu kumi na moja tuliula naye, na majirani. Barua zako bado zinakwenda shuleni, mlinzi ananiletea akitoka zamu. Ndiyo sababu zinachelewa. Kila ulipoandika “siku utakapostaafu” nilikuwa nimeshastaafishwa, nasomea barua kwenye kapu la nguo chafu.

Ungeniuliza kwa nini sikusema. Nilitaka nije kama mgeni anayesubiriwa, si kama furushi linaloshushwa kituoni. Ulipoandika kuhusu chumba, nikasema haya, mambo yamejipa, kitakapokwisha nitaandika kwamba nimeamua mwenyewe kupumzika, kwa hiari yangu, kwa heshima zote. Nikafunga sanduku. Nilikuwa nalala na sanduku miguuni kama mtu anayevizia basi. Ndipo ikaja barua ya “usipange kuja kwanza”. Nikasema: wamechoka kabla sijafika. Nikalifungua sanduku nikarudisha nguo moja moja. Kisha nikakuandikia ile barua ya mkuu wa shule asiyeweza kuniachia. Yule mkuu, Kisiki, tukikutana njiani siku hizi anavuka barabara.

Kwa hiyo wewe ulinificha chumba kisichokuwepo, na mimi nilikuficha kazi isiyokuwepo. Tumeoneana aibu kwa stempu.

Kuhusu dari: miaka yote nimeinama kwa watu nisiowapenda. Kwako sitashindwa. Lakini niambie kweli. Kama kuna kona, sema ipo. Kama hakuna, sema hakuna, nami nitatafuta kwingine bila kununa. Ninachoomba tu uniandikie kwa maneno ya kawaida, usiniambie tena habari ya rangi kunuka.

Dada yako,
Mlingoti

21 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo. Maneno ya kawaida haya hapa: kona ipo. Njoo.

Chumba cha mbele, nilichokifanya duka tangu nioe, ni chako. Dari yake ni ile ya baba, iko juu, na mlango tumeutoa fremu tukauinua. Meza yangu ya saa nimeipandisha juu, kwenye kile chumba kilichokatwa. Usianze kunishukuru, maana si ukarimu. Fundi saa anakaa chini kutwa, na mimi nikisimama humo nafanana na mtu wa kawaida, jambo ambalo sijawahi kulipata bure. Wateja wanapanda ngazi na kuingia wameinama, kila mmoja ana sura ya mtu aliyekuja kuomba msamaha, hata wale niliowacheleweshea saa zao. Wachache wamenihama. Muuza magodoro amegonga paji la uso, akakaa wiki nzima na nundu, akawa anawaambia watu ameanguka bafuni.

Yule binti mpimaji alirudi na chombo chake. Akachungulia, akaandika, akasema sasa tuko chini ya shuka. Mara hii alicheka. Alikuwa na saa ya mkono iliyosimama. Nimemtengenezea, na kwa mara ya kwanza katika kazi hii nimemaliza siku niliyoahidi.

Mke wangu hajagombezwa. Nimenyamaza chakula kimoja tu, na nilipoona hakuna aliyegundua nikaacha.

Sasa la mwisho, halafu nifunge. Nilikuandikia kuwa nakujengea kwa sababu utastaafu. Nikawaambia wale wa uwanja wa ndege ni kwa sababu umeteseka na milango. Yote kweli, lakini siyo yenyewe. Yenyewe ni kwamba nimekukosa, dada. Wifi yako ananicheka, binti ananicheka, wateja ndio usiseme. Lakini hakuna anayenicheka kama wewe, kuanzia mwanzo, akijua nilikuwaje. Nimekuwa mtu mzima miaka mingi mfululizo bila kupumzika, na nimechoka. Ilikuwa rahisi zaidi kununua saruji kuliko kuandika sentensi hiyo.

Usijibu barua hii. Duka nimelifunga, nimebandika karatasi mlangoni, na keshokutwa napanda basi mimi mwenyewe kuja kukuchukua, wewe na sanduku lako. Nitafika shuleni, nitamuuliza mlinzi wa geti, anielekeze kwa mfua nguo. Atanijua. Mwambie tu anayekuja ni mfupi na ana koti la harusi.

Kwa jinsi posta yetu ilivyo, huenda nikafika kabla ya karatasi hii. Ikiwa hivyo tutaisubiri pamoja, ije, uisome kwa sauti, nami nitakaa hapo hapo ucheke.

Kisiki wako